Dizeli ya Kwanza na Mafuta ya Taa ya Kitogani

Kidole gumba changu cha mkono wa kulia hakikunjiki sawasawa mpaka leo. Kilivunjika asubuhi moja ndani ya karakana, pale Mjini, mbele ya mafundi wenzangu wote, na aliyekivunja ni gari. Nyinyi mnawasha gari kwa kugusa kitufe. Sisi tulikuwa tunachomeka chuma kilichopinda mbele ya injini, hendeli, tunazungusha kwa nguvu za bega, na injini ya petroli ikiwa haijapenda siku hiyo huirudisha ile hendeli nyuma kwa ghafla. Nilikuwa nimeambiwa mara nyingi kwamba gumba lazima likae upande mmoja na vidole vinne, lisizunguke chuma kama unavyoshika mchi. Nikasikia, nikaitikia, nikashika kama mchi.

Mistri Jiwan, aliyekuwa mkuu wetu wa karakana, alinifunga kidole kwa kipande cha rula na kitambaa. Hakunigombeza. Alipomaliza kufunga aliniambia niwaeleze wenzangu kwa nini kidole kimevunjika, nikiwa nimesimama pale pale, kabla hata ya kupelekwa hospitali. Nilieleza huku machozi yananitoka. Tangu siku ile hapana fundi yeyote katika karakana yetu aliyeshika hendeli vibaya. Kwa hiyo nikikitazama kidole hiki sikioni kama kilema. Nakiona kama ada niliyolipa nikasoma.

Mimi naitwa Makame. Kazi yangu ilikuwa ufundi wa gari, na khasa gari zile zinazovuta kwa magurudumu yote manne, ambazo sisi tukiziita fowili. Nilizishika tangu zilipoanza kuonekana Unguja, katika miaka ya hamsini, nikiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, nimemaliza darasa la nane na nnajua kusoma Kizungu cha vitabuni. Mara kwa mara vijana wa magereji huniuliza vipi injini zimebadilika tangu wakati ule. Mtu akitaka jibu la vipimo atalipata kwenye vitabu. Mimi nitakwambieni lililonipata mabadiliko yalipokuwa yanapita mikononi mwangu, na watu walionishika mkono nisianguke. Nnawashukuru wote, na wengi wao nimeshawasomea hitma.

Fowili ya kwanza niliyoiona ilikuwa fupi, kama kiatu. Bodi yake ilikuwa ya bati jepesi lisiloshika kutu, paa lake turubai, milango yake unaing'oa ukitaka. Watu wa Darajani walikuja kuizunguka, wengine wakagonga bati kwa vidole, wakasema hii si gari, hii ni sufuria. Injini yake ilikuwa ndogo, ya petroli, lakini ina gia nyengine chini ya zile za kawaida, ile nzito, ukiitia gari inatambaa kama kobe na hapana kilima kinachoikatalia. Baada ya miaka michache zikaja zenye injini kubwa zaidi kidogo. Halafu zikaja ndefu, za kupakia watu nyuma wakakaa wanatazamana. Kila meli ikileta fowili, tukifungua boneti tunakuta kitu kimehamishwa, kimekuzwa au kimeondolewa, nasi tunaanza tena kukuna kichwa.

Katika kukuna kichwa huko ndiko nilikojifunza mambo ambayo hata leo yatakufaeni. Gia nzito na magurudumu ya mbele hutiwa kabla ya kuingia matopeni, hayatiwi ukiwa umeshazama. Mtu anayetia gia akiwa ndani ya tope ni sawa na anayetafuta mwavuli akiwa ameshalowa. Kwenye mchanga wa pwani punguza upepo wa matairi mpaka tumbo la tairi lionekane limelala, utapita kama ngamia. Masika, maji yakiingia kwenye plagi na waya zake, kausha kwa kitambaa kisha upake nta ya mshumaa kwenye viungio. Na ukirudi kutoka pwani, bodi hiyo ya bati iache, lakini lala chini uioshe chesisi, mifupa ya chini ya gari, kwa maji ya bomba. Chumvi haili panapoonekana.

Yote hayo alinifundisha Mistri Jiwan. Alikuwa Mhindi wa Kikachi, kazaliwa Mkunazini, Kiswahili chake kisafi kuliko changu. Mtu mwembamba, mvi tupu, shati lake jeupe halikuwa na doa la oili hata baada ya kutwa nzima chini ya gari, na sikupata kuelewa vipi. Sifa yake kubwa ilikuwa sikio. Alikuwa na fimbo ya mpingo, urefu wa mkono. Ncha moja anaigusisha kwenye injini inayonguruma, ncha ya pili anaitia sikioni, anafumba macho. Kisha anakwambia: valvu ya tatu, au beringi ya mbele, au hapana kitu, dereva muongo. Hakukosea. Madereva walimuogopa kama wanavyomuogopa mganga.

Sasa nije kwenye dizeli.

Ilishuka bandarini siku moja ya kaskazi, fowili ndefu, ya kijani, sura yake ileile ya wenzake. Tulikuwa tumesikia kwamba inakuja gari isiyokunywa petroli, isiyokuwa na plagi wala kabureta, lakini kusikia si kuona. Dereva aliileta mpaka karakana, na kabla haijapinda kona tulishaisikia. Ilikuwa inagonga kama mtu anayetwanga ndani ya kinu cha chuma. Katika injini za petroli kugonga kule maana yake ni moja tu: ndani kumekufa kitu.

Mistri aliichukua fimbo yake, akasikiliza. Niliona uso wake unabadilika. Akasema zima, beringi zimekwisha, na huenda na pistoni moja imepasuka, gari hii wameileta mgonjwa. Tulifanya kazi siku mbili. Tuliondoa karai la oili chini ya injini, tukafungua beringi moja moja tukazipanga juu ya gazeti. Zilikuwa zinang'aa kama vijiko vya harusi. Hapana hata moja iliyokwaruzika.

Wakati wenzangu wanatazamana, mimi nilikwenda nikafungua kisanduku cha mbele ya kiti nikatoa kitabu cha gari, ambacho hapana aliyekigusa. Nikasoma polepole. Kiliandika kwamba injini hii haiwashi mafuta kwa cheche, inaibana hewa mpaka inakuwa moto wa kutosha kuyawasha mafuta yanayopulizwa ndani, na kwamba kugonga, khasa ikiwa baridi, ndiyo tabia yake. Nilisoma mara mbili. Kisha nikabaki nimekishika kitabu sijui nifanye nini. Kumwambia Mistri Jiwan kwamba sikio lake limekosea ilikuwa kama kumwambia imamu kwamba kibla si huko.

Nilimwendea faraghani nikamwonesha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nimsomee tena pale penye kugonga. Kisha akawaita mafundi wote, akasimama mbele yao karibu na lile gazeti lenye beringi.

“Gari hii ni nzima,” alisema. “Nimekuchosheni siku mbili kwa sababu ya kiburi cha sikio langu. Makame amesoma, mie sikusoma. Tuirudishie.”

Akakunja mikono ya shati, akawa wa kwanza kulala chini ya gari. Mimi nimeona watu wengi wakubwa katika maisha yangu, wenye vyeo na wenye elimu. Sijaona mkubwa kama mzee yule alipolala pale kwenye saruji kurudishia alichokifungua kwa makosa yake.

Na hakuishia hapo. Wiki ile ile aliniambia nifuatane naye bandarini. Kulikuwa na meli ndogo inayokwenda Pemba, na fundi wa mitambo yake alikuwa mzee wa Kitumbatu, Mzee Faki, aliyezeeka pamoja na injini za dizeli za majini. Mistri alimwamkia kwa heshima, akamwambia tumekuja kusoma. Tulikaa chini kwenye chumba cha injini, joto la kupika mkate, Mistri na shati lake jeupe, mimi na daftari langu. Tulikwenda siku nyingi, kila baada ya kazi za asubuhi.

Mzee Faki alitufundisha kwa mkono kuliko kwa mdomo. Alituonesha kwamba adui wa dizeli ni hewa na uchafu: hewa ikiingia kwenye bomba la mafuta injini inazima, na lazima uitoe kwa kulegeza skrubu, kupampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe, kisha kukaza. Alituambia injini ya dizeli haichagui chakula kama ya petroli. Huko baharini walipoishiwa waliwahi kuitilia mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo, wakafika. Oili ile ni ya kuilainishia pampu, kwa sababu mafuta ya taa ni makavu, yanaisaga. “Lakini petroli usiitie,” alisema. “Petroli kwake ni sumu.” Nililiandika neno lile kwenye daftari, nikalipigia mstari.

Miezi mitatu baadaye nikaitia petroli kwa mkono wangu mwenyewe.

Ilikuwa Ijumaa. Asubuhi, nnafungua karakana, aliingia Bi Zuwena, mkunga wa serikali, mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo watu huinyamazia. Mtu wa baiskeli amefika kutoka Charawe, alisema, ametoka huko usiku. Kuna mwanamke ana uchungu tangu jana asubuhi, mtoto amekaa vibaya, mkunga wa kijiji ameshindwa. Lazima aletwe hospitali. Na njia ya Charawe siku zile, ukishaiacha barabara karibu na Kitogani, ilikuwa mawe matupu, mawe ya uwanda yaliyochongoka kama meno. Gari ya hospitali isingefika. Ilihitajika fowili, na ndefu, ya kumlaza mgonjwa. Ndefu iliyokuwa nzima siku ile ilikuwa moja, ya dizeli, na dereva wake yuko kwake na homa. Mistri akasema niendeshe mimi.

Niliisogeza gari mpaka kwenye mapipa nikaitia mafuta madebe mawili. Mapipa yalikuwa yamesimama pamoja, yote ya kijivu, na kwa miaka mkono wangu ulikuwa umezoea lile la kushoto. Bi Zuwena alikuwa ananieleza habari za mgonjwa, nami namsikiliza. Mkono ukaenda ulikozoea. Hata harufu sikuisikia, kwa sababu fundi wa gari kutwa anaishi ndani ya harufu ya petroli.

Tangi lilikuwa na dizeli karibu nusu, kwa hiyo gari haikufa papo hapo. Ilikwenda. Baada ya Tunguu niliona haina nguvu kama siku zote, na inagonga zaidi, lakini nilijiambia gari hii ndiyo tabia yake. Lile somo la Mistri nililigeuza likawa mto wa kulalia. Tulifika Charawe, tumetikisika mpaka meno yanauma. Mgonjwa alikuwa msichana, naweza kusema, Mwanakhamis jina lake, mimba yake ya kwanza. Walimtoa juu ya kitanda cha kamba. Hakuwa analia tena, na Bi Zuwena alinambia kwa sauti ya chini kwamba hilo ndilo linalomtia khofu. Tulimlaza nyuma juu ya godoro, Bi Zuwena kichwani kwake, mumewe miguuni, nikageuza.

Yale mawe nikayatambaa kwa gia nzito, jiwe moja moja. Jua limepanda, bati la boneti huwezi kuligusa. Tulipofika Kitogani tu, tairi za mbele zimegusa barabara kuu, injini ikakohoa mara mbili, ikazima.

Nilipiga stata, haikushika. Nikapiga tena. Nikashuka, nikafungua boneti, nikalegeza skrubu ya chujio la mafuta, na kitone cha kwanza kilipogusa kidole changu kikakauka hapo hapo, kidole kikabaki baridi. Dizeli haikauki. Nilinusa. Nikajua.

Vijana, nataka mnielewe hapa. Hapana aliyekuwa anajua ila mimi na Mungu. Gari ilikuwa mpya, ya aina isiyozoeleka, mji mzima unasema inagonga. Ningesema imeharibika, na wote wangeamini, na mume wa yule msichana angenipa pole. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Bi Zuwena akashuka akaja akasimama karibu yangu.

“Gari ina nini?”

Sijui kama ningeweza kusema kweli lau singemwona Mistri Jiwan akisimama mbele ya gazeti lenye beringi. “Nimeikosea mimi, Bi Zuwena,” nilimwambia. “Asubuhi nimeitia petroli. Haiendi kwa petroli.”

Alinitazama. Nilingoja anitukane, na nilikuwa nataka anitukane. Akauliza dawa yake nini. Nikamwambia kuimwaga petroli yote na kutia dizeli, na dizeli iko Mjini.

“Hapa hapana dizeli,” alisema. “Bas, tusitaje kisichokuwepo. Mie nimezalisha kwa uzi wa kushonea nguo. Nambie kilichopo.”

Ndipo Mzee Faki aliponijia kichwani, na chumba chake cha moto. Nikasema mafuta ya taa. Mafuta ya taa na oili, na oili nnayo kopo moja nyuma ya kiti.

Duka la Kitogani lilikuwa limefungwa, mwenyewe amekwenda Mjini. Wanaume walikuwa msikitini, khutba imeshaanza. Mume wa Mwanakhamis akapita nyumba hadi nyumba akiwaeleza wanawake, na mimi nikalala chini ya gari kufungua tangi. Nilikinga petroli kwa debe nikaenda kuimwaga mbali, mara tatu, mpaka tangi likawa tupu. Nilipotoka chini nikaona miguu. Wanawake wamesimama kando ya gari, kila mmoja ameshika chupa yake. Nyengine imejaa, nyengine imebaki vidole viwili. Wawili walikuwa wameshatandaza kanga zao upande wa jua kumkinga mgonjwa. Mwanamke mmoja mkongwe, Bi Mize wakimwita, hakuwa na chupa. Alileta taa yenyewe, koroboi ya kopo, akaung'oa utambi mbele yangu, akamimina.

Niliyachuja yote kwa kitambaa nilichokikunja mara mbili, nikachanganya oili, nikatia. Kisha nikaanza kutoa hewa kama nilivyofundishwa: skrubu ya chujio kwanza, pampu kwa mkono, mapovu yakatoka, yakapungua, yakaisha, kaza. Halafu kwenye pampu kubwa. Halafu kwenye mabomba ya juu. Lile gumba langu bovu likawa linateleza kwenye spana. Nyuma nilimsikia Bi Zuwena anasema na Mwanakhamis kwa upole, anamuuliza habari za mama yake, ilimradi asilale.

Nikapiga stata. Injini ikazunguka, ikatoa moshi mweupe, haikushika. Mara ya pili ikazunguka kwa uzito. Mara ya tatu betri ikanong'ona tu.

Swala ilikuwa imekwisha. Wanaume walitoka msikitini na kanzu zao nyeupe za Ijumaa, wakatukuta. Hapana aliyeuliza mengi. Barabara pale ina mteremko mdogo. Wakaweka mikono nyuma ya gari, wazee kwa vijana, wakasukuma, mimi nimetia gia ya pili na kukanyaga klachi. Gari ilipochukua mwendo nikaiachia. Ikashtuka, ikagonga mara moja, mara mbili, kisha ikaanza kutwanga kinu chake cha chuma, na sijapata kusikia sauti tamu kuliko ile. Moshi mweusi ukatoka wote kwa mpigo mmoja. Nilipotazama nyuma, kanzu za Ijumaa za Kitogani zilikuwa nyeusi kuanzia kifuani hadi magotini, na wenyewe wanacheka huku wanatupungia mikono twende.

Tulifika hospitali saa nane za mchana. Sikuizima injini mpaka walipomshusha, niliogopa hata kuigusa. Kisha nikakaa kwenye ukuta wa nje na mume wake. Hakuniambia neno baya, na alikuwa amenisikia nilipokiri, maana alikuwa karibu. Alitoa ndizi mbili mfukoni, akanipa moja. Nilishindwa kuila. Kabla ya adhana ya alasiri Bi Zuwena akatoka, kilemba chake mkononi, nywele zimelowa. Walimpasua, alisema. Mtoto wa kike. Wote wawili wanapumua.

Nilirudi karakana nikamweleza Mistri kila kitu, tangu pipa la kushoto mpaka ndizi. Aliuliza jambo moja, kama nilimwambia Bi Zuwena kweli pale pale au baadaye. Nikasema pale pale, aliponiuliza. Akaitikia kwa kichwa. Akachukua brashi na rangi nyekundu, tukaenda wote kwenye mapipa. Pipa la dizeli tukalihamishia ukuta wa pili, tukalipaka wekundu mpaka chini, na tangu siku hiyo tangi la kila dizeli tukalifunga kitambaa chekundu kwenye mdomo. Leo mnaona alama kwenye vifuniko vya matangi mnadhani zimekuja na gari. Alama zote zina mtu aliyekosea kabla yenu.

Tulipokuwa tunaosha brashi ndipo Mistri alipouliza, bila ya kunitazama, yale mafuta ya taa yalikuwa ya nani. Nikamwambia ya watu wa Kitogani, walimimina kutoka chupa zao.

“Na leo usiku watawasha nini?”

Wallahi, swali hilo halikunipitia kichwani hata mara moja. Nilikuwa nimemuwaza mgonjwa, na gari, na zaidi ya yote nilikuwa nimejiwaza mimi. Mistri akasema kesho asubuhi tutalisafisha tangi na mabomba, na gari ikishakuwa safi nianze safari yake ya kwanza kwa kupeleka debe la mafuta ya taa.

Nikaenda Jumamosi, kabla ya adhuhuri. Nilipita nyumba kwa nyumba, nabisha hodi, naeleza, najaza. Wengine walikataa mpaka nikawasihi, wengine walicheka wakanionesha kanzu zilizoanikwa, na weusi wake haujatoka. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Mize. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza kwanza habari za yule mzazi. Nikamwambia kajifungua mtoto wa kike, wazima wote wawili. Alikaa kwenye baraza yake, akamshukuru Mungu.

Nilimwomba radhi kwa usiku wa giza. Akaniambia haukuwa mbaya. Ndani kulikuwa hakuonekani kitu, kwa hiyo watu wote walitoka, wakatandika mikeka njiani, wakakaa mpaka usingizi, wakimzungumzia yule msichana, yuko wapi saa hizi, amefika au hakufika. Alisema miaka mingi hawajakaa vile wote pamoja.

Kisha akaingia ndani akaileta ile koroboi, ameshaurudishia utambi, akaushika kando kwa vidole nipate kutia. Nikaanza kumimina. Yalipofika katikati akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa kopo.

“Bas, mwanangu, nusu yanatosha. Nyengine mpelekee yeye Charawe. Atarudi na mwana mchanga, atataka taa ya kumtazamia.”